Namna ya Kufanya Utafiti Mdogo wa Usingizi na Njia ya Hewa Katika Hospitali ya Wilaya: Mwongozo kwa Wataalamu wa Usingizi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Mtaalamu wa usingizi wa hospitali ya wilaya, yaani anayewalaza wagonjwa usingizi au kuwapa ganzi kwa ajili ya upasuaji, awe Kongwa, Mpwapwa, Chemba au Manyoni, huona kwa mwaka mmoja mambo mengi kuliko yale anayoyaandika. Anajua ni mgonjwa wa namna gani ambaye oksijeni yake hushuka upesi, ni kichupa kipi cha dawa kilichochelewa kufanya kazi, na ni upasuaji upi unaomlazimu kuwa na msaidizi wa pili kabla hajaanza. Ujuzi huo ukibaki kichwani, huondoka naye siku anapohamishwa kituo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, anayetaka kuugeuza ujuzi wake kuwa utafiti ambao mwenzake wa hospitali nyingine anaweza kuuamini.

Asidhani mtu kwamba utafiti wa aina hii ni wa hospitali kubwa peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kuhakiki usalama wa upasuaji ulifanyika katika miji minane, na kati ya Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, Manila na New Delhi, mji wa nane ulikuwa Ifakara, mkoani Morogoro, jirani zetu. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kilichohitajika Ifakara ni karatasi, kalamu na watu walioandika kila tukio lilipotokea, kama walivyohitajika London.

Hatua ya 1: Chagua swali moja, nalo liwe la thieta (chumba cha upasuaji) yako

Swali zuri hujibiwa kwa vifaa ulivyonavyo. Nitatumia mfano mmoja mwongozo mzima ili tusitangetange: je, kumwinua mgonjwa kichwa na kifua wakati wa kumjaza oksijeni kabla ya kulazwa usingizi hupunguza idadi ya wagonjwa ambao oksijeni yao hushuka chini ya asilimia 94 wakati wa kuweka mrija wa hewa? Swali hili halihitaji dawa mpya wala gharama ya maana, na lina maelezo ya kimwili yanayoeleweka. Mgonjwa akilala chali, tumbo husukuma kiwambo juu, mapafu hupungua nafasi, na akiba ya oksijeni anayobaki nayo anapoacha kupumua huwa ndogo.

Iwapo hospitali yako haina kapnografu, yaani kifaa kinachoonyesha wimbi la hewa ya kaboni dioksidi anayotoa mgonjwa, ninashauri usichague utafiti wa mrija wa hewa. Kuangalia kifua kikipanda na kusikiliza kwa stetoskopu ni lazima, lakini njia hizo zimewahi kuwadanganya hata wazoefu, nao mrija ukiwa umeingia kwenye umio badala ya koo la hewa. Chagua badala yake swali la ganzi ya uti wa mgongo kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji, kwa mfano ni wangapi shinikizo lao la damu hushuka chini ya asilimia 80 ya kiwango walichoanza nacho katika dakika 15 za kwanza. Swali hilo lina thamani ileile, na kipimo cha shinikizo la damu kipo karibu kila mahali.

Hatua ya 2: Tafuta vibali kabla ya kukusanya hata jina moja

Utafiti unaohusisha wagonjwa lazima upitiwe na kamati ya maadili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, ndiyo yenye kamati ya kitaifa. Vyuo vikuu vinavyofundisha afya, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma, vina kamati zao. Ukiwa unajaribu dawa kwa wagonjwa, yaani kuwagawa wengine wapate ketamini na wengine propofoli, dawa mbili za usingizi, ili ulinganishe, utahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hata kama dawa zote mbili zimesajiliwa na zinatumika kila siku. Baada ya hapo huja barua za utawala kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri na Mganga Mfawidhi. Anza mapema; barua hukaa mezani muda mrefu kuliko unavyotarajia, na si vizuri kuwasukuma wakubwa kwa sababu wewe ulichelewa.

Andika katika itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, namna taarifa za wagonjwa zitakavyotunzwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia daftari lililo kwenye droo ya thieta na picha ya faili iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la idara.

Hatua ya 3: Eleza kila neno kabla ya kulipima

Hapa ndipo tafiti nyingi ndogo huharibika, nami sina budi kukaa kidogo. Neno “jaribio la kuweka mrija” lina maana gani? Mmoja atahesabu mara ngapi mrija uliguswa, mwingine atahesabu mara ngapi alianza upya baada ya kupumzika. Kubalianeni kwamba jaribio moja linaanza laringoskopu, yaani kifaa cha kutazamia koo la hewa, inapoingia mdomoni na linaisha inapotoka, liwe limefanikiwa au halikufanikiwa. Neno “kushuka kwa oksijeni” liwe na namba na mipaka ya muda: katika mfano wetu, usomaji wowote chini ya 94 kuanzia mgonjwa anapoacha kupumua mwenyewe hadi wimbi la kwanza la kapnografu linapoonekana.

Neno “kuinuliwa” nalo lisiachwe hewani. Vitanda vingine vya thieta vimechakaa na mpini wake haushiki nyuzi zinazotakiwa, kwa hiyo kipimo cha macho kinachofaa ni hiki: mtazame mgonjwa kutoka ubavuni, na tundu la sikio lilingane kwa mstari wa ulalo na kile kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari. Blanketi zilizokunjwa chini ya mabega na kichwa zinatosha kumfikisha hapo. Mto mmoja chini ya kichwa peke yake hautoshi, maana hukunja shingo na kuacha kifua palepale.

Vipimo vya njia ya hewa kabla ya usingizi vifanywe kwa namna moja kwa wote. Kile cha Mallampati, kilichoelezwa mwaka 1985 na kinachopanga kwa madaraja kiasi cha koo kinachoonekana mdomo ukifunguliwa, hupimwa mgonjwa akiwa ameketi, mdomo wazi kabisa, ulimi nje, bila kutoa sauti. Ukimwambia aseme “aaa”, kaakaa laini hupanda na daraja hubadilika. Pima pia upana wa mdomo, mwendo wa shingo, na umbali kutoka kidevuni hadi kwenye kongomeo shingo ikiwa imenyooshwa, ambao ukiwa chini ya sentimita 6 ni wa kutiliwa shaka. Mwonekano wa laringoskopu uandikwe kwa madaraja manne ya Cormack na Lehane, na aliyeshika laringoskopu aliseme daraja kwa sauti, mwingine aliandike.

Hatua ya 4: Idadi ya wagonjwa na namna ya kuwagawa

Tuseme unakisia kwamba kwa wagonjwa wanaolala chali, 30 kati ya 100 oksijeni yao hushuka, nawe ungependa kujua kama kuinua kichwa kutapunguza hadi 15. Hesabu ya kawaida inadai takribani wagonjwa 120 katika kila kundi. Thieta inayolaza kwa mrija wagonjwa watano kwa wiki itahitaji karibu mwaka mzima, na ukweli huo ni heri uujue sasa kuliko mwezi wa nane. Ukiona idadi haifikiki, shirikianeni hospitali mbili au tatu kwa fomu moja. Bahi na Manyoni ziko kwenye barabara ileile.

Usiwagawe wagonjwa kwa siku, Jumanne kundi hili na Alhamisi lile, kwa kuwa huenda Jumanne ndiyo zamu ya mtu mwenye mkono mwepesi kuliko wote, na utafiti wako utakuwa umempima yeye. Tumia bahasha zisizopenya mwanga, zilizopewa namba na kufungwa na mtu asiyehusika na thieta, na bahasha ifunguliwe baada ya mgonjwa kukubali kushiriki.

Hatua ya 5: Ridhaa

Mgonjwa aelezwe jana yake wodini, si mlangoni pa thieta akiwa ameshavalishwa gauni. Mama aliye kwenye uchungu wa dharura asiombwe kabisa kushiriki katika utafiti wa aina hii. Kwa lugha, Kiswahili kinawatosha wengi, ila mzee kutoka vijiji vya Chamwino anaweza kukusikiliza kwa adabu, akaitikia kila sentensi na asiwe ameelewa. Mtafute muuguzi anayezungumza Kigogo, au Kirangi ukiwa Kondoa, na maelezo yawe mafupi kama haya:

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mwanangu.”

“Babu, kesho utafanyiwa upasuaji, na hilo halibadiliki. Kabla ya kukulaza usingizi tutakupa hewa ya oksijeni kwa barakoa. Tunataka kujua kama ni vizuri upewe ukiwa umelala chali au umeinuliwa kichwa. Njia zote mbili zinatumika. Ukikataa, utatibiwa vilevile, na hakuna atakayekukasirikia. Sasa hebu nieleze wewe, umenielewaje?”

Swali la mwisho ndilo lenye kazi. Akieleza kwa maneno yake, atie sahihi au dole gumba mbele ya shahidi. Akishindwa, rudi mwanzo bila haraka.

Hatua ya 6: Asubuhi ya upasuaji

Kabla ya yote uliza amekula lini, na uulize kwa makini, maana saa zetu zina mtego. Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, mgonjwa wa ngiri alisema amekula “saa nne”, na kijana aliyekuwa akijaza fomu akaandika 04:00. Upasuaji ulipangwa saa nane mchana, hivyo kwenye karatasi mgonjwa alikuwa amefunga kwa muda wa saa kumi. Mkewe ndiye aliyetuokoa, aliposema bila kuulizwa kwamba mumewe alikunywa uji “jua lilipoanza kuwa kali”. Alikuwa amekunywa saa nne asubuhi, yaani 10:00, muda wa saa nne tu kabla ya kulazwa, na tumbo lenye uji ni hatari kubwa ya kutapika na matapishi kuingia mapafuni. Tangu hapo fomu zangu zina visanduku vya asubuhi, mchana na usiku mbele ya kila saa, na mstari wa pili wa kugeuza kuwa saa za tarakimu 24. Kumbuka pia kwamba uji, hata ukiwa mwepesi, huhesabiwa kuwa chakula na huhitaji kufunga kwa muda wa saa 6. Maji na chai ya rangi ndivyo vinavyoruhusiwa hadi saa 2 kabla, na chai ya maziwa haimo.

Kisha hakikisha saa ya ukutani, saa ya monita na simu ya mwandishi, yaani anayeandika namba za utafiti, zinasoma sawasawa. Jambo hili hufanywa mara moja asubuhi, nalo huokoa mabishano ya wiki nzima.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kina tabia zake. Kikivalishwa mkono uleule wenye mkanda wa shinikizo la damu, usomaji utaanguka kila mkanda unapojaa, nawe utaandika tukio ambalo halikutokea. Kucha zenye rangi na vidole vyenye piko nyeusi huvuruga usomaji, na bibi harusi wa juzi anaweza kufika thieta na mikono imechorwa yote. Tumia ndewe ya sikio au kidole cha mguu. Vidole vya baridi vya asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma navyo husumbua, vipashwe joto. Na ieleweke kwamba vifaa hivi vinaweza kuonyesha namba za juu kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi, hivyo 92 kwenye kioo isichukuliwe kuwa jambo dogo.

Mjaze mgonjwa oksijeni kwa dakika tatu kamili, barakoa ikiwa imebana vizuri usoni bila upenyo. Dakika tatu ni ndefu sana daktari wa upasuaji akiwa amesimama na glavu mkononi, na hapo ndipo zinapogeuka kuwa moja na nusu. Mwandishi azisome kwa sauti: moja, mbili, tatu.

Kuhusu dawa, andika jina, kiasi kwa miligramu, saa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Usiandike “ketamini mililita 2” peke yake. Ketamini huja yenye miligramu 50 kwa mililita na pia yenye miligramu 10 kwa mililita. Mtu wa kilo 50 anayestahili miligramu 1.5 kwa kilo anahitaji miligramu 75, ambazo ni mililita 1.5 za kichupa kimoja na mililita 7.5 za kingine. Bomba la sindano lisilo na lebo litupwe, hata kama unakumbuka ulichovuta. Saksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli ili mrija uingie, huhitaji jokofu la nyuzijoto 2 hadi 8, na hupungua nguvu ikikaa kwenye joto, kwa hiyo katika vituo ambako umeme hukatika, fomu iwe na mstari wa kuandika kichupa kilitolewa lini kwenye ubaridi. Bila mstari huo, utakuja kuilaumu njia ya hewa ngumu kwa kosa la jokofu.

Sakshen (mashine ya kunyonya majimaji), mfuko wa ambu wa kusukuma hewa kwa mkono, barakoa za laringi zinazokaa juu ya koo la hewa, mirija ya saizi mbili na kijiti cha kuongozea mrija viwe vimejaribiwa na kuwekwa mkononi, utafiti uwepo au usiwepo. Itifaki iseme wazi kwamba oksijeni ikifika 92 laringoskopu hutolewa na mgonjwa hupewa hewa kwa barakoa, na kwamba hakuna kuendelea “kidogo tu” ili kuona itashuka hadi wapi. Mgonjwa huyo tayari amehesabiwa. Huna cha kungojea.

Hatua ya 7: Andika tukio linapotokea

Aliyeshika laringoskopu asiwe mwandishi. Muuguzi wa kuzunguka thieta anaweza kufundishwa kwa siku mbili kusoma monita na kuandika namba kila baada ya sekunde 30 tangu dawa inapoingia. Nimewahi kushika faili la upasuaji wa saa mbili ambalo safu ya oksijeni ilikuwa 98, 98, 98 kuanzia juu hadi chini, kalamu moja, mkono mmoja, bila hata mstari kupinda. Mgonjwa alipona, lakini karatasi ile haikuwa na taarifa yoyote ndani yake. Ilijazwa kwenye kochi la chumba cha mapumziko. Binadamu aliyelazwa usingizi hakai kwenye namba moja kwa saa mbili.

Kughushi namba kumeitia doa fani yetu kwa kiwango kikubwa kuliko huo. Yoshitaka Fujii, daktari wa usingizi wa Japani, alichapisha kwa miaka mingi makala za majaribio ya dawa za kuzuia kichefuchefu baada ya upasuaji, na mwaka 2012 uchunguzi wa chama cha madaktari wa usingizi wa nchi yake ulibaini kwamba makala 172 kati ya 212 zilizochunguzwa zilikuwa na takwimu za kubuni. Sehemu ya kilichomfichua ni kwamba namba zake zililingana mno, kuliko zinavyoweza kulingana kwa bahati. Kwa hiyo ukikosa usomaji kwa sababu kipimo kilichomoka kidoleni, andika “kilichomoka” na saa yake. Nafasi tupu yenye sababu inakubalika katika utafiti.

Kosa la kalamu likatwe kwa mstari mmoja, namba ya zamani ibaki ikisomeka, kando pawekwe herufi za jina na tarehe. Wino mweupe wa kufutia usiingie thieta.

Hatua ya 8: Madhara

Tukio kubwa, kama moyo kusimama au mgonjwa kuingiwa na matapishi mapafuni, liripotiwe kwa Mganga Mfawidhi na kwa kamati ya maadili kwa muda uliotajwa katika kibali, hata kama unaamini halihusiani na utafiti. Dhara linaloshukiwa kuwa la dawa lijazwe pia kwenye fomu ya njano ya TMDA. Familia ielezwe na mtu aliyekuwepo, siku hiyohiyo, akiwa ameketi nao.

Hatua ya 9: Hesabu

Ingiza kila fomu kwenye kompyuta mara mbili, watu wawili tofauti, kisha linganisha. Tuseme umemaliza na wagonjwa 36 kati ya 120 waliolala chali walishuka, dhidi ya 18 kati ya 120 walioinuliwa. Usiishie kusema “asilimia 30 kwa 15”. Tofauti ya 15 ina mipaka yake ya uhakika, yaani kiwango ambamo tofauti ya kweli huenda iko, ambayo kwa namba hizi ni takribani 5 hadi 25, na msomaji anastahili kuiona mipaka yote miwili, kwa sababu faida ya 5 na faida ya 25 si kitu kimoja kwa mganga anayepanga bajeti. Mgonjwa aliyepangiwa kuinuliwa lakini akalazwa chali kwa haraka ahesabiwe katika kundi alilopangiwa. Kumhamisha ni kujipendelea.

Jambo lisilotokea nalo lina hesabu yake. Ikiwa hakuna mgonjwa hata mmoja kati ya 120 wa kundi moja ambaye moyo wake ulisimama, usiandike kwamba njia hiyo haina hatari. Kwa kanuni ya kukadiria jambo lisilotokea, gawanya 3 kwa idadi ya wagonjwa, hapa 120, upate asilimia 2.5: takwimu zako bado zinaruhusu hatari ya hadi mtu 1 kati ya 40, ambayo kwa usingizi ni hatari kubwa mno.

Hatua ya 10: Rudisha majibu

Wasilisha kwanza kwenye kikao cha asubuhi cha hospitali yako, mbele ya wauguzi walioshika kalamu, ndipo uende kwa kamati, halmashauri na jarida. Tofauti ikikosekana, wasilisha vilevile, maana hospitali ya jirani inaweza kuwa inajiandaa kutumia mwaka kujibu swali hilohilo. Fomu zenye majina zifungiwe kabatini kwa muda uliowekwa na kibali. Ile fomu tupu, yenye visanduku vya asubuhi, mchana na usiku, durufu nakala za kutosha uziache kwenye droo ya mashine ya usingizi, ili atakayepokea zamu yako siku ukihamishwa azikute hapo.